Jiwe Lipi Litaliwe? Mvua ya Asidi, Makaa ya Mawe na Kuta za Misheni Zetu

Wengi wetu tulikutana na mvua ya asidi katika kitabu cha jiografia cha sekondari, tukaikariri kwa ajili ya mtihani, tukaiacha hukohuko darasani. Ilikuwa habari ya Ulaya: misitu ya Ujerumani, maziwa ya Sweden, sanamu zilizopoteza pua na vidole. Mkazi wa Majengo, hapa Sumbawanga, ana haki ya kuuliza habari hiyo inamhusu nini. Kwetu hakuna viwanda vizito wala nguzo za marumaru. Kuna nyumba za matofali ya kuchoma zilizoezekwa kwa bati, kuna vumbi la kiangazi, na kuna mvua ambayo kila mkulima wa mahindi na maharage wa Ufipa huingoja kwa sala.

Hata hivyo tunaona kwamba wakati wa kuizungumza umefika, na sababu iko chini ya ardhi yetu wenyewe. Mkoa wa Rukwa una makaa ya mawe. Akiba za Mkomolo, Namwele na Muze zinajulikana kwa miaka mingi, uchimbaji wa kiasi umekwisha kufanyika, na wazo la kujenga kituo cha kufua umeme kwa makaa hayo limezungumzwa kwa zaidi ya muongo mmoja. Tangu mwaka 2022, vita vya Ukraine vilipoifanya Ulaya itafute makaa nje ya Urusi, makaa ya mawe ya Tanzania yamepata wanunuzi wapya, na meli zimekuwa zikiyapakia katika bandari ya Mtwara. Kwa upande wa umeme, Sumbawanga imetegemea kwa miaka mingi nishati inayonunuliwa kutoka Zambia. Na ukame wa mwaka 2024 ulipopunguza maji ya Kariba, Zambia yenyewe ilikaa gizani kwa saa nyingi kila siku, ikazidi kuyategemea makaa yake ya Maamba. Ni kweli kwamba bwawa la Julius Nyerere, lenye uwezo wa megawati 2,115, na njia ya umeme ya TAZA, inayotoka Iringa kupitia Mbeya na Tunduma hadi Sumbawanga, vinabadilisha hesabu. Lakini makaa yaliyo ardhini hayaozi. Swali la kuyachoma laweza kurudi mezani wakati wowote, na likirudi litaletwa kwa lugha ya megawati na ajira. Hiyo ni haki yake. Tungependa liletwe pia kwa lugha ya mawe, kwa kuwa mawe ni shahidi asiyehongeka.

Basi tumsikilize shahidi huyo. Maji ya mvua, hata pale ambapo hapana kiwanda, huwa na asidi kidogo, kwa sababu huyeyusha hewa ya kaboni iliyomo angani. Kipimo chake cha pH huwa kama 5.6, chini ya 7 ya maji yasiyo na asidi wala alikali. Makaa ya mawe, mafuta mazito na madini ya shaba huwa na salfa ndani yake. Vikichomwa, salfa hiyo hupanda hewani kama gesi, hukutana na unyevu, nayo hugeuka kuwa asidi ya salfuriki. Joto kali la injini na tanuru huunganisha pia nitrojeni na oksijeni za hewa, na matokeo yake ni asidi ya nitriki. Mwaka 1872 mkemia Robert Angus Smith, aliyepima mvua ya miji ya viwanda ya Uingereza, ndiye aliyeipa hali hiyo jina tulilolikariri shuleni.

Asidi hiyo inapoangukia marumaru, jiwe la chokaa au jiwe la matumbawe, hukuta kitu kimoja katika yote matatu: kaboneti ya kalsiamu. Hapo jiwe hugeuka kuwa jasi. Jasi ni laini kuliko jiwe lililoizaa, huchukua nafasi kubwa zaidi, na huyeyuka majini kwa urahisi mkubwa zaidi. Kwa hiyo uharibifu huwa na sura mbili juu ya jengo moja. Pale mvua inapopiga moja kwa moja, jasi huoshwa, na jiwe hupungua polepole bila kelele. Maandishi ya makaburi hufifia, mikunjo ya nguo za watakatifu husawazika. Pale palipo na kivuli cha mvua, chini ya ukingo wa paa au ndani ya mapindo ya nakshi, jasi hubaki, hunasa masizi, hujenga gamba jeusi. Siku gamba likibanduka, hutoka pamoja na uso wa sanamu. Matofali ya kuchoma na mawe ya graniti huistahimili asidi kuliko hayo, lakini chokaa iliyoyaunganisha haistahimili.

Mfano unaotugusa kuliko mingine ni wa ngome ya Herten, katika bonde la Ruhr nchini Ujerumani, nchi ya makaa ya mawe. Langoni mwake palikuwa na sanamu ya jiwe iliyochongwa mapema katika karne ya 18. Ilipigwa picha mwaka 1908: mwanamke mwenye uso kamili, nywele, mikono, mkunjo wa vazi. Ilikuwa imesimama nje miaka mia mbili ikiwa na madoa tu. Ilipigwa picha tena miaka ya 1960, baada ya miongo sita ya moshi mzito wa viwanda, na sura haikuwepo. Lilibaki bonge la jiwe lenye umbo la mtu. Mjini Athens, mwaka 1979, ilibidi sanamu tano za wanawake wanaobeba paa la Erechtheion ziingizwe ndani ya jumba la makumbusho, na nakala ziwekwe mahali pake. Nchini India, Mahakama ya Juu iliamuru mnamo Disemba 1996 kwamba viwanda 292 vilivyokuwa vikitumia makaa karibu na Taj Mahal vihamie kwenye gesi asilia au viondoke.

Katika Afrika Mashariki, jiwe la aina hii liko pwani. Msikiti Mkuu wa Kilwa Kisiwani, Ngome ya Yesu ya Mombasa, Mji Mkongwe wa Zanzibar, na majengo ya kale ya misheni ya Bagamoyo, iliyoanzishwa na Mapadre wa Roho Mtakatifu mwaka 1868, ni kazi za matumbawe na chokaa. Wajenzi wa pwani walichoma matumbawe kupata chokaa, wakaunganisha matumbawe kwa chokaa hiyo. Jengo zima ni kaboneti ya kalsiamu kutoka msingi hadi dari. Kwa kemia, ukuta wa Kilwa na sanamu ya Athens ni ndugu. Tusikimbilie hata hivyo kuilaumu mvua ya asidi kwa kila ufa. Beit al-Ajaib ya Zanzibar, iliyojengwa mwaka 1883, ilipoporomoka kwa sehemu Disemba 25, 2020 na kuua watu, haikuangushwa na asidi; iliangushwa na miaka mingi ya kuchakaa. Chumvi ya bahari, unyevu na mizizi ya miti vimekula zaidi pwani yetu kuliko salfa. Lakini meli na magari navyo vina sehemu yake, na hapa pana habari njema isiyotangazwa sana: tangu Januari 2015 nchi za Jumuiya ya Afrika Mashariki zilikubaliana kutumia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 kwa milioni, na tangu Januari 1, 2020 meli za dunia nzima zimetakiwa kutumia mafuta yenye salfa isiyozidi asilimia 0.50, badala ya 3.50 ya awali. Kanuni zote mbili ziliwekwa kwanza kwa ajili ya mapafu ya watu. Mawe yamefaidika kwa neema ya jirani.

Turudi nyumbani, maana msomaji wa Sumbawanga atasema bado hatujamfikia. Jirani yetu mkubwa katika jambo hili ni Ukanda wa Shaba wa Zambia. Madini ya shaba ya huko hutoka ardhini yakiwa yameshikana na salfa, na kwa miongo mingi mitambo ya kuyeyushia iliiachia salfa hiyo hewani. Wakazi wa Mufulira waliijua gesi hiyo kwa kikohozi kabla ya kuijua kwa jina. Mwaka 2014 mtambo wa Mufulira ulikamilisha marekebisho ya kuinasa sehemu kubwa mno ya gesi na kuigeuza asidi ya kutumia viwandani. Ufipa iko zaidi ya kilomita 500 kutoka huko, na pepo za kusi za kiangazi huelekea kaskazini-magharibi, si kwetu. Hatuna sababu ya kuwahofisha waamini. Ila lipo jambo ambalo madereva wa barabara ya Tunduma wanalijua: malori yanayopanda kutoka bandari ya Dar es Salaam kwenda migodi ya Zambia na Kongo hubeba salfa, kwa kuwa migodi inahitaji asidi kusafishia shaba. Kitu kilekile ambacho dohani moja hukitupa hewani bure, mgodi mwingine hukinunua na kukisafirisha maelfu ya kilomita. Hatujui mfano ulio wazi zaidi wa ule utamaduni wa kutupa ambao hayati Baba Mtakatifu Fransisko aliuzungumza mara nyingi.

Hapo ndipo kiini cha hoja yetu kilipo. Njia ya kawaida ya kuinasa salfa ya makaa ya mawe ni kupitisha moshi, kabla haujatoka katika dohani, ndani ya maji yaliyochanganywa na unga wa jiwe la chokaa. Salfa hulivamia jiwe hilo, na kinachobaki ni jasi. Msomaji ameutambua mchakato huo: ni uleule uliokula sanamu ya Herten. Tofauti ni kwamba safari hii jiwe liliwekwa kwa makusudi, likasagwa kwa gharama ya mwenye kiwanda, na jasi yake huweza kuuzwa kwa viwanda vya saruji. Kwa maneno mengine, makaa yenye salfa yakichomwa, kipo kitakacholiwa kwa vyovyote: ama chokaa ya mwenye dohani, ama kuta, mabati na mashamba ya watu ambao hawakuulizwa. Anayechagua kati ya hayo mawili ni yule anayeandika masharti ya leseni.

Kuna njia ya tatu iliyojaribiwa, na ilishindwa. Uingereza, baada ya moshi wa London wa Disemba 1952 kuua maelfu ya watu kwa siku chache, ilijenga dohani ndefu zaidi ili hewa ya miji isafike. Miji ilipata nafuu kweli. Salfa ikavuka bahari, na maziwa ya Sweden na Norway yakapoteza samaki. Sweden ilipolipeleka shauri hilo mbele ya mkutano wa Umoja wa Mataifa uliofanyika Stockholm mwaka 1972, wengi hawakuamini kwamba moshi waweza kusafiri hivyo. Mkataba wa Geneva wa mwaka 1979 ulikuja baadaye, kisha masharti ya kupunguza salfa. Nchini Marekani, tangu marekebisho ya sheria ya hewa safi ya mwaka 1990, salfa inayotoka katika vituo vya umeme imepungua kwa zaidi ya sehemu tisa katika kumi. Jambo hili linaweza kudhibitiwa, basi, nayo yamekwisha kudhibitiwa pengine. Tukiambiwa siku moja kwamba vifaa vya kunasa salfa ni anasa ya matajiri, au kwamba dohani ndefu inatosha, tutakuwa tunaambiwa kilichokwisha kukanushwa.

Na kwetu kitakacholiwa kwanza ni nini? Si sanamu. Ni bati. Zinki inayolinda bati lisishike kutu ni miongoni mwa metali zinazoharibiwa haraka na gesi ya salfa, na kwa familia nyingi za Majengo paa ndiyo mali ya thamani kuliko zote walizowahi kununua kwa mkupuo. Paa hilohilo ndilo linalokinga maji ya kunywa. Kisha udongo: sehemu nyingi za Ufipa zina udongo ambao tayari una asidi, uliooshwa na mvua za karne nyingi, na si bure kwamba wazee wetu walibuni matuta ya ntumba, wakizika nyasi ndani ya udongo ili kuurudishia nguvu. Mkulima anayeshauriwa kuweka chokaa shambani hapaswi kuongezewa asidi kutoka juu.

Tunasema haya bila kusahau kwamba majengo yetu ya kale yanaharibika leo, pasipo dohani hata moja, na mara nyingine kwa mikono yetu. Wamisionari wa Afrika, tuliozoea kuwaita Mapadre Weupe, walipokea ngome ya Karema kutoka kwa Wabelgiji mwaka 1885, na kutoka ufuko huo wa Ziwa Tanganyika imani ilipanda hadi nyanda za juu. Jimbo letu lenyewe liliitwa Karema hadi mwaka 1969. Karema, ambayo leo iko katika Jimbo la Mpanda, ndipo Askofu Adolphe Lechaptois alipofariki mwaka 1917, na ndipo Adrian Atiman, mtoto aliyekombolewa kutoka utumwani akawa katekista na tabibu, alipohudumia wagonjwa tangu mwaka 1889 hadi kifo chake mwaka 1956. Hospitali yenye jina lake hapa Sumbawanga inajulikana na kila mtu. Kuta za enzi zake hazijulikani hivyo.

Kuta hizo na ndugu zake, popote zilipobaki katika parokia za zamani, nyingi ni za matofali yaliyochomwa kwa kuni, laini, yenye vitundu vidogo vinavyonyonya na kutoa unyevu kama mtu apumuavyo. Walizijenga kwa udongo au chokaa, vitu laini vinavyoruhusu unyevu kutoka. Sisi, kwa nia njema na kwa harambee, huzipiga lipu ya saruji. Saruji ni ngumu, hufunga. Maji yanayopanda kutoka msingini hukosa pa kutokea, chumvi iliyomo hujikusanya nyuma ya lipu, na baada ya miaka michache lipu hubanduka ikiwa na kipande cha tofali mgongoni, kama lile gamba jeusi la Ulaya. Ndipo inapotolewa hukumu kwamba kanisa limezeeka, livunjwe. Mara nyingi kanisa halikuzeeka, lilizibwa pumzi. Gata lililotoboka, mtaro ulioziba na rangi ya plastiki vimefanya zaidi ya miaka mia moja ya mvua. Sheria ya Kanisa ina busara hapa: kanuni ya 1216 inadai ushauri wa wataalamu katika kujenga na kukarabati makanisa, na kanuni ya 1220 inadai uangalizi wa kuhifadhi vitu vitakatifu na vya thamani. Fundi mwenye kujua chokaa ni mtaalamu. Atafutwe kabla ya mifuko ya saruji kununuliwa.

Kuna watakaotuuliza kwa nini Kanisa lishughulike na kuta wakati watu hawana maji wala umeme. Hatuoni ugomvi kati ya mambo hayo. Katika waraka wa Laudato si', uliotolewa mwaka 2015, Baba Mtakatifu Fransisko aliutaja moshi wa viwanda na vitu vinavyotia asidi udongo na maji, katika ibara ya 20, akianza na afya ya maskini. Na katika ibara ya 143 akaonya kwamba urithi wa historia na utamaduni nao uko hatarini pamoja na urithi wa maumbile. Gesi inayokula jiwe hupita kwanza katika mapafu ya mtoto. Jiwe hutunza kumbukumbu tu ya kilichopita. Wala hatusemi kwamba makaa ya Rukwa yasiguswe kamwe. Hilo ni suala pana, lenye hoja za tabianchi ambazo zinahitaji makala yake. Tunasema kwamba ibara ya 183 ya waraka huohuo inataka tathmini ya athari kwa mazingira ifanyike mwanzoni, kabla mradi haujapangwa, kwa uwazi, na wenyeji wakipewa nafasi ya pekee mezani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 nayo inataka tathmini na ushirikishwaji wa umma, chini ya Baraza la Taifa la Hifadhi na Usimamizi wa Mazingira.

Kwa hiyo siku mkutano wa wananchi utakapoitishwa, tungependa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo za vijiji husika zifike zikiwa na maswali yaliyoandikwa. Makaa haya yana salfa kiasi gani, na nani aliyeipima? Itanaswa kwa chombo gani, na chokaa itatoka wapi? Nani atapima hewa na mvua, na matokeo yatabandikwa wapi ili tuyasome? Anayejibu kwamba mambo hayo yataangaliwa baadaye ameshajibu.

Kuna kazi moja isiyohitaji kusubiri mkutano wowote. Tunajua kilichoipata sanamu ya Herten kwa sababu mtu aliipiga picha mwaka 1908. Bila picha ile, wenye viwanda wangeweza kusema kwamba ilikuwa hivyo tangu zamani. Halmashauri za Walei za parokia zetu zina vijana wenye simu. Mwishoni mwa kiangazi, kabla ya mvua ya kwanza, wapige picha kila upande wa kanisa, wa nyumba ya mapadre ya zamani, wa misalaba na mawe ya makaburi ya wamisionari na makatekista. Wapige karibu, mchana, wakiweka rula kando ya ukuta ili ukubwa wa ufa uonekane. Wapige pia paa la bati. Picha zichapwe, ziandikwe tarehe, jina la kigango na upande wa ukuta, na nakala moja iwekwe katika kabati la vitabu vya ubatizo.